Aliyenimwagia Maji

Maiti haoshwi na mtu mmoja. Yupo anayesugua na yupo anayemwaga maji, na wawili hao wasiposikilizana kazi inaharibika. Maji yanaingia puani, au yanatapakaa kabla ya kufika kwenye ufuo, ule mfereji mdogo tunaouchimba chumbani kuyapokea. Kwa miaka mingi mimi nilisugua na rafiki yangu akamwaga. Alikuwa hodari kuliko mimi. Hakuhitaji kuambiwa; nikiinua kidole tu alijua ni bega au ni goti. Nayaandika haya mwanzo kabisa maana najijua. Nikianza na uchungu nitamnyima haki yake.

Kazi yenyewe niliirithi. Baba yangu alifika Karagwe na misafara ya pwani, mshonaji wa kanzu, akaoa Mnyambo, mwenyeji wa huku, na hakurudi tena kwao. Kwa kuwa alishona sanda, watu waliona ni rahisi aoshe pia. Aliuchonga ubao wa josho kwa mkono wake, wenye mteremko mdogo upande wa miguu ili maji yasisimame mgongoni mwa marehemu. Alipokufa nilimwosha juu ya ubao huo huo. Chuoni sikuhitimu. Nilisoma juzuu chache na kujifunza herufi, na kwa herufi hizo nimekuwa nikiandika Kiswahili changu katika daftari, vibaya, mistari ikipanda na kushuka. Sokoni pale karibu na Bugene wenye maduka walinitania: “Mwosha, usinipime kwa macho, bado nina siku zangu.” Nilicheka nao. Huwezi kuwa mwosha ukawa mtu wa kununa.

Rafiki yangu alikuwa Mnyambo wa Kihanga, mwenye shamba la migomba na mibuni michache. Kabla hajasilimu tulichanjiana udugu wa damu. Pwani nako walichanjiana, baba alinisimulia, lakini huku wana njia yao. Unachagua tunda la kahawa lenye punje mbili. Unachanjwa kidogo karibu na kitovu, unapaka damu yako punje moja, mwenzako anaila. Na yeye anapaka yake, unaila wewe. Tangu siku hiyo hamwitani kwa jina. Mnaitana munywani. Nyumba yake ni yako, na neno ulilomwambia mkitafuna kahawa haliendi kwa mwingine. Hilo ndilo sharti lenyewe, na watu wamewahi kufungwa na hata kupigwa na watawala kwa kukataa kulivunja. Baadaye alitaka dini. Mimi ndiye niliyemtamkisha shahada, na ndiye niliyemfundisha kumwaga maji. Kwa hiyo pengine yote yalianzia mikononi mwangu.

Zikiri ilifika kwetu wakati Wadachi walikuwa wameshajenga boma Bukoba na njia za Tabora zimeanza kupoa. Aliyeileta alikuwa mtu mwembamba, msomi, mwenye ijaza, idhini ya kufundisha, kutoka kwa sheikh wake, na sote tulimwita Khalifa. Nataka nimtendee haki naye. Kabla yake, msikitini kwetu watu wenye asili ya pwani walikaa mbele, na Wanyambo waliosilimu walikaa karibu na viatu. Khalifa aliukunjua mkeka akaugeuza, akasema humu hakuna muungwana wala mshenzi, kila mtu akae alipofika. Rafiki yangu alikaa karibu na goti la Khalifa siku ile. Tulipotoka aliniambia kwamba tangu asilimu hajawahi kuona uso wa imamu, ni kisogo tu.

Nilimpenda Khalifa kwa jambo hilo. Nilimpa ubao wa baba uwe mali ya zikiri. Hakuniomba, nilimpa.

Kila Ijumaa baada ya sala ya alasiri tulikaa duara. Kabla ya kuanza kulikuwa na desturi aliyokuja nayo: tunaingia kwake chumbani mmoja mmoja, na kila mtu anatua mzigo. Unasema lililokusumbua moyoni wiki ile. Na kama umesikia ndugu yako akisumbuliwa na jambo, unalisema pia, kwa kumsaidia. Alitusisitizia kwamba mtu asiyeuliza hasomi, na kwamba lolote tulete kwake, hata liwe baya, maana lililofichwa ndilo linalooza. Halafu tukishakaa, tulisema pamoja lile neno lake: muridi kwa sheikh wake awe kama maiti mkononi mwa mwosha. Wenzangu walikuwa wakinitazama kwa jicho la mzaha tunapofika hapo, nami niliona fahari kidogo. Nakiri.

Basi. Akafa mtu wa Chonyonyo.

Alikuwa mpagazi aliyerudi na homa. Siku tatu kabla ya kufa aliniita mimi na rafiki yangu akasema anataka kufa Mwislamu. Akatamka shahada, vizuri tu, mara mbili. Alipokufa, kaka zake, ambao si Waislamu, walimbeba asubuhi kutoka Chonyonyo wakamleta kwetu kwa sababu ndivyo alivyousia. Nilikuwa nimeshachimba ufuo na nimeshapasha maji. Khalifa akaja, akauliza kama marehemu alitahiriwa. Tukasema hapana, hakukuwa na wasaa. Akasema basi haoshwi, arudishwe kwa watu wake.

Sikujua. Mpaka leo sijui vitabu vinasemaje, na Khalifa alisoma, mimi sikusoma. Nilichojua ni kwamba baba yangu aliwaosha watu wa namna hiyo, na kwamba mtu huyu alikuwa ameomba. Neno lilinipanda hadi kooni. Nikalirudisha, nikiwaza: mimi ni maiti, yeye ni mwosha. Nikauinua mtungi nikaenda kumwaga yale maji kwenye shina la mgomba. Yalikuwa bado yana moto. Mmoja wa wale kaka, ambaye hakufuata maneno yetu, alinijia na kuniuliza kwa Kinyambo kwa upole sana:

“Maji yamepungua? Tukachote mengine?”

Nikamwambia warudi naye. Wakamfunga tena katika mbugu yake, nguo ile ya magome, wakaondoka.

Kwa siku kadhaa sikuandika kitu. Halafu nilikwenda Kihanga kwa rafiki yangu. Ilikuwa mchana, mkewe alikuwa akimenya ndizi nje. Tulikaa chini ya paa la ghala, akaniwekea kahawa ya kutafuna katika kipande cha jani. Nikamwambia. Nayaandika kama nilivyoyasema, nisijipendelee:

“Nimeosha maiti wengi, munywani. Hakuna hata mmoja aliyetulia mkononi mwangu. Ukikunja kiwiko kinarudi. Ukilaza mkono unainuka, mpaka uusubiri. Maiti ana kukataa kwake. Mimi niliye hai sikukataa hata kwa kiwiko.”

Alicheka, akasema kweli, yule bibi tuliyemwosha msimu wa kusia mbegu, mkono wake ulitupiga kofi sote wawili. Tukacheka pamoja. Kisha akatema ganda la kahawa, akaniuliza: kwa hiyo Khalifa alikosea? Nikamjibu sijui, ila nafikiri alikosea, na kama kufikiri hivyo ni dhambi sijui nifikirie kwa kichwa cha nani. Nikarudi nyumbani nimepata nafuu. Niliandika katika daftari: “Leo nimetua mzigo.”

Ijumaa iliyofuata hatukuanza zikiri. Khalifa alisema kuna mmoja wetu anayeona muridi ni duni kuliko maiti. Bado sikufahamu. Niliwaza maskini, ni nani huyo. Akaendelea: anasema maiti ana kukataa kwake, anasema ukikunja kiwiko kinarudi. Hapo watu wote wakanigeukia, maana ni nani mwingine anayejua viwiko vya maiti?

Lakini mimi nilikuwa namtazama rafiki yangu. Alivua kofia yake, akaipangusa, akaivaa, akaivua tena.

Khalifa hakupaza sauti. “Kama nimedanganywa, sema hapa mbele ya ndugu zako.”

Ningeweza kusema amedanganywa. Naamini rafiki yangu angenyamaza, na jambo lingekwisha. Ila lingekuwa kumwita yeye mwongo, na hakuwa mwongo.

“Hukudanganywa, Bwana Khalifa. Ni maneno yangu.”

“Basi yatubie.”

“Maneno nayatubia, kama yamekuvunjia heshima. Ile fikra ndiyo sijui naitoaje.”

Mmoja wa wenye maduka akasema, “Mwosha, iogeshe maji saba,” na duara zima likaangua kicheko. Hata Khalifa alitabasamu. Nami nilicheka, sijui kwa nini. Nadhani nilitumaini kwamba tukicheka vya kutosha tutaanza zikiri. Kicheko kilipoisha alinipa Ijumaa tatu. Nijirudi, kisha nije niseme mbele ya wote kwamba sina tena fikra ile. Nisipofanya hivyo sitakaa mkekani, wala sitaosha maiti wa zikiri. Kwetu hapo zikiri ndiyo ilikuwa watu wote. Wao ndio waliokuja na jembe ukifiwa, ndio waliokuletea unga ukiugua. Mtu aliyeondolewa mkekani alibaki na mkewe na mbuzi.

Nilijaribu. Mtu asiseme sikujaribu. Asubuhi baada ya sala nilijiambia: Khalifa alijua zaidi, yule mtu hakuwa wa kuoshwa. Nilirudia kama mtoto wa chuo anayerudia aya. Ilikuwa inashika mpaka kwenye saa tatu. Halafu naona mtungi, au naona ule mgomba, na swali la yule kaka linarudi. Mke wangu aliniambia niseme tu nimetubu, nani atafungua kichwa changu aangalie? Lilikuwa shauri jema, na wanaume wenye akili kuliko mimi wangelifuata. Labda haukuwa ucha Mungu ulionizuia, labda ni kiburi. Nimeligeuza hili miaka na sijalimaliza.

Katika wiki ile ya pili nilikutana na rafiki yangu njiani, amebeba mkungu wa ndizi kichwani. Hakuutua. Nikamuuliza kwa nini alinifanyia vile. Alisimama na mzigo wake, jasho likimtiririka, akanijibu, na jibu lake limekaa nami kuliko yote ya Khalifa.

“Nilidhani atakuita chumbani. Nilidhani atakufundisha, yaishe.”

“Na kahawa tuliyokula?”

“Kahawa nilikula nikiwa mjinga, sijasilimu bado.”

“Tulikuwa wajinga wawili.”

Akauhamisha mkungu kidogo. “Wewe baba yako ni wa pwani, munywani. Ukitoka mkekani unabaki muungwana. Mimi nikitoka nabaki nini? Narudi kwenye viatu.”

Nilimpisha njia akapita. Nilipofika nyumbani niliandika kwamba ana haki, na chini yake nikaandika kwamba amenisaliti, na sikufuta lolote kati ya hayo mawili. Yote mawili yapo katika daftari, mstari mmoja juu ya mwingine.

Ijumaa ya tatu nilikwenda nikasema nimeshindwa. Nilisema kwa heshima. Niliomba ruhusa ya kukaa mkekani nikiwa na fikra yangu, nisimwambie mtu. Khalifa aliniambia, na uso wake ulikuwa wa huzuni ya kweli, kwamba hawezi kujenga nyumba kwa tofali linalofikiri. Nikasimama. Nilipofika mlangoni nilikumbuka ubao, uliolazwa pale kando ya ukuta, nikageuka, kisha nikakumbuka tena kwamba nilikuwa nimeshautoa. Rafiki yangu aliona nikigeuka. Naamini alijua ni ubao ninaoutazama, maana alishusha macho kwenye ubao huo huo.

Ikapita masika, kikaja kiangazi. Nilishona kanzu. Sokoni hakuna aliyenitukana. Walinisalimia na kuendelea na yao. Hakuna aliyenitania tena kuhusu kuwapima kwa macho, na hilo liliniuma kuliko tusi. Watu wawili walipewa kazi ya kuosha. Walikuwa na nia, ila waliogopa kugusa. Mmoja alifumba macho, nilisikia, na maji yalikuwa yakienda kila mahali.

Kisha siku moja kabla ya adhuhuri nilimwona rafiki yangu kwenye uwanja wangu. Hajakanyaga pale tangu siku ya kahawa. Alisimama mbali, kama mtu aliyekuja kudai kuku.

“Mzee wangu amekufa,” akasema.

Nikampa pole. Nilimjua mzee yule. Alikaa mwaka mzima akisema dini ya mwanawe ni ya watu wasiojua pombe, na mwishoni, akiwa hoi kitandani, akaikubali.

“Khalifa ameruhusu aoshwe. Ila wale wawili hawawezi. Amesema uje wewe.”

Nikamuuliza swali ambalo huenda sikupaswa kumuuliza mtu aliyefiwa saa ile ile. Nikamuuliza kama mzee alitahiriwa. Akatazama chini.

“Mzee wa umri ule? Khalifa amesema ana udhuru.”

Nilikaa juu ya kinu. Nilikuwa nimeondolewa mkekani kwa fikra ile, na sasa fikra ile ile imeingia na kukaa, na mimi ningali nje. Inawezekana Khalifa alikwenda kusoma tena akaona alikosea. Inawezekana aliona kweli kuna tofauti kati ya mzee hoi na mpagazi mwenye homa. Mimi siioni, lakini mimi sikusoma. Ninachojua ni kwamba hakuna aliyekwenda Chonyonyo kuwaambia wale kaka.

Nilikwenda. Nani mwingine angemwosha? Ubao wa baba ulikuwa umekwisha kuwekwa, ila kinyumenyume, mteremko kichwani. Niliugeuza bila kusema. Rafiki yangu alichukua kata, akayajaribu maji kwa kisigino cha mkono kama nilivyomfundisha, akasimama mahali pake upande wa kushoto. Tukaanza. Niliinua kidole, akamwaga begani. Niliinua, akamwaga gotini. Tulikuwa kama siku zote, na hilo lilinitia uchungu kuliko kama angemwaga vibaya.

Tulipofika mkono wa kuume, niliulaza kifuani. Ukainuka. Niliulaza tena, polepole, ukainuka tena, vidole vikielekea kwa mwanawe. Nikaushika nikangoja. Tulingoja wote wawili, maji yakidondoka kutoka kwenye kata tone tone hadi kwenye ufuo.

“Ulisema kweli,” akanong’ona.

“Waambie Ijumaa.”

Mkono ulipokubali, alimwaga, nami nikasugua.

Nilisali jeneza pamoja nao, safu ya nyuma, hakuna aliyenizuia. Baada ya maziko Khalifa alinishukuru mbele ya watu kwa kazi njema, akaniombea dua. Kuhusu mkeka hakusema kitu, na mimi sikuuliza. Ijumaa, baada ya alasiri, nilikuwa barazani kwangu nikishona, na msikiti hauko mbali. Niliwasikia wakianza. Walipofika kwenye lile neno la maiti na mwosha niliacha sindano. Rafiki yangu ana sauti nyembamba, inapanda juu ya za wenzake, siwezi kuikosea. Nilimsikia akilisema lote, mpaka mwisho, na hakusita popote.

Hilo lilipita zamani. Bado nahesabiwa kuwa mtu wa nje, na bado wananiita mtu akifa. Tukikutana mimi na yeye juu ya ubao tunafanya kazi vizuri, na tukitoka tunaachana njia panda. Hajaniita munywani tena, nami sijamwita. Labda ningekuwa yeye, mtoto wa walio karibu na viatu, ningefanya vivyo hivyo. Nimejaribu kuapa kwamba nisingefanya, na sikuweza.

Mwosha naye huoshwa. Nimemwagiza mke wangu kwamba siku yangu ikifika amwite yeye amwage maji. Mke wangu alikasirika, akaniuliza kama sina haya, baada ya yote. Nikamwambia hakuna anayemwaga vizuri kama yeye, ni haki yake hilo lisemwe. Na mkono wangu ukiinuka, atajua kwamba inabidi kuungoja.

Kama hataki, akatae mwenyewe, kwa kinywa chake.